Kimya cha Shangazi

Katika redio ile ya umma mtu angeweza kukosea jina la waziri, akasoma habari za jana kama za leo, hata akapiga chafya katikati ya matangazo ya vifo, na mwisho wa mwezi akapata mshahara wake kama wenzake. Kosa lisilosameheka lilikuwa moja tu: kunyamaza. Ndiyo maana kwenye kabati la mitambo, nyuma ya studio, palikaa kisanduku cheusi ambacho wafanyakazi wote walikiita Mlinzi. Mlinzi hakuwa na kazi nyingine ila kusikiliza. Kimya kikizidi pumzi tatu, aliamini redio imekufa, naye akapiga tarumbeta, wimbo wa akiba wa kituo, puu-puru-puu, mpaka mtu aje amtulize.

Cheche alimchukia Mlinzi kama mtu anavyomchukia jirani mbea. Jina la Cheche alibandikwa chuoni kwa ajili ya ulimi wake, akaja nalo kazini pamoja na stashahada yake na mkataba wa muda. Kazi yake ilikuwa Lango Wazi, ile Jumamosi ambayo kituo hufungua geti, hupanga viti uani, na kuwaita watu wa mtaa waje na walicho nacho: kwaya, ngoma, mashairi, hadithi. Vyote vilikwenda hewani moja kwa moja, na spika mbili kubwa pale uani zilirudisha kila kilichotoka hewani, ili watu wajisikie wenyewe wakiwa redioni.

Mwaka uliopita aliyekwenda kusimulia alikuwa shangazi yake Cheche, dada wa baba, mshona sare za shule, aliyemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Shangazi alikuwa na hadithi moja ambayo mtaa mzima uliijua na haukuichoka. Mama anamtuma mwanawe mtoni, jua linashuka, mtoto harudi. Mama anasimama ukingoni, anaita. Mara ya kwanza anaitikiwa na mwangwi. Mara ya pili anaitikiwa na maji. Mara ya tatu anaita, na hapo Shangazi hunyamaza. Hunyamaza kweli. Hapepesi macho, hapangusi jasho. Hadithi haiendi mbele mpaka mmoja wa wasikilizaji ashindwe kuvumilia na kuitika yeye: "Abee, mama!" Huyo anayeitika ndiye anakuwa mtoto, na kuanzia hapo Shangazi humsimulia yeye, jinsi alivyopotea na jinsi alivyorudi.

Basi mwaka ule Shangazi aliita mara ya tatu, akanyamaza. Aliyeitika ni tarumbeta.

Lilitoka kwenye spika zote mbili kwa kishindo. Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Shangazi alifikiri amefukuzwa. Akakunja khanga yake, akanyanyua kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, akaondoka. Hayo angeyasahau. Lakini kesho yake asubuhi, mtangazaji wa zamu alisoma kwa sauti ya huzuni ya kulipwa: "Tunawaomba radhi wasikilizaji wetu kwa kukatika kwa matangazo, kulikosababishwa na msimulizi." Shangazi alikuwa amefungua redio ya dukani kwake kama kawaida. Akaifunga.

Tangu siku hiyo hakusimulia tena, si redioni, si nyumbani. Wajukuu wa jirani wakimjia jioni, wakikaa chini ya cherehani kama walivyozoea, aliongeza mwendo wa mguu kwenye pedali na kuwaambia, "Nendeni kwa mpiga tarumbeta. Yeye ndiye mwenye hadithi."

Watu walicheka. Cheche hakucheka. Alimwona shangazi yake akiwa na hadithi imemkaa kooni kama mfupa wa samaki, akakata shauri: Lango Wazi la mwaka huu, mfupa ule utatoka.

* * *

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kama umekuja kwa lile jambo, kaa ule kisha uende zako."

"Nimekuja kwa lile jambo."

"Basi hata chakula hupati." Cherehani ikakimbia juu ya kola ya shati. "We mtoto, niaibishwe mara ngapi ndiyo ushibe?"

"Safari hii hakuna tarumbeta."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Shangazi alisimamisha mguu. Kimya kilipoingia dukani, Cheche aliona jinsi mwanamke yule alivyokuwa amezeeka kwa mwaka mmoja, si usoni, bali kwenye mabega.

"Sikiliza, mwanangu. Tarumbeta ni chuma, sina ugomvi na chuma. Mlinichoma mlipowaomba watu radhi kwa ajili yangu. Kama nimewakanyaga. Kama nimewatapikia sebuleni." Akakata uzi kwa meno. "Nikija, nikinyamaza, mninyamazie. Na nikimaliza, asiwepo mtu wa kuniombea radhi. Unaweza?"

"Naweza."

"Sema tena, nikuone mdomo."

"Naweza, Shangazi."

"Haya. Kuna wali jikoni."

* * *

Mkuu wa vipindi alikuwa mtu mpole wa miwani, aliyepewa jina la Mzee Sekunde kwa kuwa hata mkewe akimpigia simu alimjibu huku anatazama saa ya ukutani. Alimsikiliza Cheche mpaka mwisho, jambo ambalo lilimtia Cheche wasiwasi zaidi kuliko kama angemkatiza.

"Umzime Mlinzi," alisema Mzee Sekunde taratibu, kama anaonja chakula chenye mchanga. "Binti yangu, unajua redio ya umma ikinyamaza watu wanafikiri nini? Wanafikiri serikali imepinduliwa."

"Kwa pumzi nne, tano?"

"Wengine wanaanza kununua unga kwenye pumzi ya pili. Tufanye hivi. Mlete shangazi yako Alhamisi, tumrekodi, tukate pale anaponyamaza, tuunganishe. Itatoka safi kama maziwa."

"Ukikata pale, Mkuu, hadithi imebaki na nini? Mama anaita, na papo hapo mtoto amefika. Si kupotea huko, ni kutumwa chumvi na kurudi."

Mzee Sekunde alitabasamu kwa ndani. "Basi tuweke muziki laini chini yake. Filimbi kidogo."

"Mama amepotelewa na mtoto, sisi tumpigie filimbi?"

"Basi mwambie aongee mfululizo!" Sasa alikuwa amesimama. "Lango Wazi ni la watu wa mtaa, sawa. Mawimbi ni ya nchi nzima. Mlinzi hazimwi. Tumeelewana?"

"Nimekuelewa, Mkuu," alisema Cheche, na aliposhika kitasa cha mlango aliona ni vyema asimwachie mzee wa watu matumaini ya bure. "Kuelewana ndiko hatujaelewana."

* * *

Jumamosi ilifika na jua lake. Uani viti vilijaa, watu wakasimama ukutani, wengine wakakaa juu ya kingo za vitalu vya maua ambazo mtunza bustani aliwakataza asubuhi nzima, mwishowe naye akakaa. Kwaya ya wauguzi iliimba, ikapigiwa makofi. Wauza mitumba wakapiga ngoma, geti likatetemeka.

Cheche alimkuta Fundi wa mitambo mbele ya kabati, akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Kaka, nipe ufunguo."

Fundi hakuuliza ufunguo gani. Alitazama huku, akatazama kule. "Dada yangu, mimi naenda kunywa chai. Huwa naacha vitu ovyo mezani. Mtu akiokota..."

"Hapana. Sitaki kuokota. Kesho watasema nimeiba, na wewe watasema mzembe. Nipe mkononi, na ukiulizwa useme: Cheche aliomba, nikampa, akazima mwenyewe."

"Umechoka kazi?"

"Sijachoka. Naifanya."

Fundi alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekataa sindano. Kisha akauweka ufunguo kwenye kiganja chake, akakifumba kiganja kile kwa mikono yake miwili. "Swichi ni ile nyekundu. Kile kitaa kikizima, uko peke yako. Redio ikifa kweli, hakuna wa kukuokoa."

Cheche alifungua kabati, akabonyeza. Kitaa kikazima. Akatoka nje kwenda kusimama penye meza ya sauti, mahali ambapo shangazi yake angemwona.

Shangazi aliingia na kigoda chake. Minong'ono ilipita uani kama upepo kwenye magunia. Wengi waliokuwepo ndio wale wa mwaka jana, na wapo walioinamisha vichwa kuficha cheko la zamani. Akakaa, akaunyoosha mguu ule wa pedali, akapiga paja lake kwa kiganja mara moja, akaanza.

Lo, alivyosimulia! Mwaka mzima wa kunyamaza ulikuwa umemrundikia maneno, nayo yakatoka yamepangika kama shanga. Jua likashuka hadithini, watu wakahisi baridi saa ya mchana. Mama akaenda mtoni. Akaita mara ya kwanza, mwangwi ukaitika. Akaita mara ya pili, maji yakaitika. Akavuta pumzi.

"Mwanangu weee!"

Akanyamaza.

Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili. Watu wote uani, badala ya kumtazama Shangazi, walizigeukia spika. Walikuwa wanangoja tarumbeta. Mtu mmoja alikuwa ameshaziba masikio. Pumzi ya tatu ikapita, na ya nne, spika zimenyamaza kama mawe, na polepole nyuso zikaanza kurudi kwa Shangazi. Lakini hakuna aliyeitika. Waliogopa. Mwaka jana walicheka, na sasa kila mmoja alimwachia mwenzake.

Cheche alibana vidole kwenye ukingo wa meza. Angeweza kuitika yeye. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akaling'ata. Ilikuwa lazima litoke kwa msikilizaji, la sivyo ni ndugu wawili wanabebana. Mlango wa ofisi ya juu ukafunguliwa kwa kishindo, na Mzee Sekunde akashuka ngazi mbio, miwani mkononi, mdomo wazi.

Na kwa kuwa uwanja wote ulikuwa kimya, na barabara nayo kwa bahati imenyamaza, kila mtu alisikia sauti iliyotoka ng'ambo, kwenye kibanda cha kinyozi kinachotazamana na geti, ambako redio ilikuwa imefunguliwa kama kila Jumamosi. Ilikuwa sauti nene ya mwanamume mtu mzima, na ilipasuka kama imezuiwa kwa nguvu.

"Naam, mama! Niko hapa, mama!"

Watu wakageuka. Mlangoni kwa kinyozi alisimama jibaba la watu, shuka jeupe limemfunga shingoni, povu shavu moja, shavu jingine limeshanyolewa. Alikuwa hajui kama amesikika. Alikuwa analia.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko, lakini si kile cha mwaka jana. Shangazi alingoja kipungue. Kisha akamnyooshea mkono yule mtu ng'ambo ya barabara.

"Kumbe mwanangu umeota ndevu huko ulikokuwa," alisema. "Na nusu umenyoa. Njoo basi, nikwambie ulivyopotea."

Akaja, na shuka lake na povu lake, akakaa chini mbele ya kigoda. Shangazi akammalizia hadithi yake yote.

* * *

"Simu tatu!" Mzee Sekunde alimkabili Cheche kwenye ukumbi mwembamba wa studio, jasho limemtoka. "Makao makuu wamepiga wenyewe! Wanauliza tumevamiwa au tumelala. Umemzima Mlinzi nikiwa nimekataza."

"Nimemzima, Mkuu. Mimi peke yangu. Nimeshamwasha tena."

"Niliwaambia ni hitilafu. Sasa utaingia humo, kabla ya taarifa ya habari, uombe radhi kwa kimya kile. Sentensi moja. Ukishaiomba, haya mengine tutayazungumza kama watu wa nyumba moja." Akashusha sauti. "Usipoiomba, Jumatatu usijisumbue kuja. Sitanii, binti yangu."

Cheche alijua hatanii. Alijua pia kodi yake ya nyumba na urefu wa mkataba wake. Kupitia kioo cha dirisha aliona uani watu wakikunja viti. Shangazi hakuwa ameondoka. Alisimama karibu na spika, kigoda kwapani, uso ameuinua kidogo kama mtu anayenusa mvua. Alikuwa anasikiliza nini kitasemwa juu yake.

Cheche akaingia studio. Mtangazaji wa zamu akampisha kiti. Taa nyekundu ikawaka, naye akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo.

"Wasikilizaji, hii ni redio yenu. Muda mfupi uliopita mlisikia kimya. Mitambo haikuharibika, hakuna aliyelala, na serikali ipo pale pale mlipoiacha asubuhi. Mama mmoja alikuwa anamwita mwanawe, nasi tulinyamaza ili asikie akiitikiwa. Akaitikiwa. Mwaka jana, mama huyo huyo aliponyamaza, redio hii iliwaomba radhi kwa niaba yake, na leo nimeagizwa niwaombe tena."

Alitulia. Pumzi moja. Pumzi mbili. Nyuma ya kioo Mzee Sekunde alikuwa ameshika kichwa.

"Siombi."