Ulimi wa Mama Keki

Mama Keki alikuwa na hakika na mambo mengi, na kubwa kuliko yote ni kwamba yeye hatumii sukari. Chai alikunywa chungu, soda alishazipa talaka, na keki alizooka mwenyewe hakuzigusa hata kipande. Kwa hiyo daktari aliposema sukari imepanda kwenye damu yake, na kwamba ndiyo inayomtia ukungu machoni, alimtazama kama mtu aliyesomewa majibu ya jirani.

"Dokta, keki mimi naoka tu. Sizili."

"Na krimu ya juu?"

"Hiyo naonja. Kuonja siyo kula."

"Unaonja mara ngapi?"

Mama Keki akacheka. Fundi gani anampelekea mteja krimu asiyoijua ladha yake? Akiongeza maziwa anaonja, akitia rangi anaonja, na mwiko hauendi kuoshwa kabla hajaulamba. Alipofika hapo kicheko kikamkauka.

Daktari hakumficha. Akiacha sasa na kumeza dawa, macho yana nafasi nzuri ya kutulia. Akiendelea, mishipa midogo ya ndani ya jicho inaweza kuharibika asione tena.

Hapo aliogopa kweli. Riziki yake ilikuwa kuandika majina juu ya keki, na wiki hiyohiyo jina la bwana harusi mmoja lilikuwa limepinda na kupanda mlima.

Kesho yake alipiga krimu, na kidole kikaenda bakulini chenyewe. Akakirudisha, akamwita mke wa mwanawe aliyekuwa akiosha trei.

"Njoo mwanangu. Kuanzia leo kuonja ni kazi yako."

Binti akaonja, akatazama sakafu.

"Sema basi."

"Imezidi sukari, mama."

"Leo?"

"Tangu nilipoolewa. Na kila mwaka inazidi. Wageni wanakula keki, krimu wanaiacha pembeni mwa sahani. Tulishindwa kukwambia."

Ilimchoma Mama Keki, tena pabaya. Ulimi wake ulikuwa umezoea sukari hadi hauisikii, naye akawa anaongeza tu ili uisikie. Alivuta pumzi, akaisukuma krimu ile kando na kufungua siagi mpya ya kupigia nyingine.

"Mimi napima, wewe unaonja," alisema. "Na usinionee haya tena. Adabu zenu nusura zinipofushe."