Shahidi Mla Panzi

Msimamizi wa zamu wa kiwanda cha saruji alipobisha hodi, mshonaji alikuwa kibarazani anatwanga maganda ya mayai. Alikuwa ameyaosha na kuyakausha juani, na sasa aliyatwanga mpaka yawe laini kama unga wa uji. Kando yake panzi walirukaruka ndani ya kopo. Alimkaribisha mgeni, akamsogezea kigoda, akaendelea na mchi wake.

“Pole na msiba, shemeji,” alisema msimamizi.

“Nimeshapoa. Sema kilichokuleta.”

Tundu la kinyonga lilining’inia dirishani, nyuma ya kichwa cha mgeni. Kinyonga alikuwa amekuja mwenyewe siku ya mazishi, akapanda kwenye pazia, na hakuna aliyeona sababu ya kumfukuza. Aliposikia sauti ya msimamizi aligeuza jicho moja. Kisha ukijani ukamtoka. Kwanza alipata rangi ya vumbi la saruji, kichwa mpaka mkia. Halafu chini ya vumbi ikatokea ovaroli ya buluu, na kwenye mfuko wa kushoto kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Mwisho akakohoa, kikohozi kirefu cha kukwaruza kilichokuwa kikimwamsha mshonaji kila alfajiri mume wake alipokuwa hai.

“Kiraka hicho nilikitia mimi, uzi wa buluu uliponiishia,” alisema mshonaji. “Nanyi, ili msinilipe fidia, mnasema mume wangu hakuwahi kukanyaga kwenye kinu chenu.”

Msimamizi alimtazama kinyonga kama mtu anayetazama saa ya ukutani.

“Ni yeye kabisa. Kiraka nakikumbuka. Ila wakubwa walishasikia habari zake, na wanasema kinyonga si shahidi. Tena wanasema wanyama hawa hawana maisha marefu.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo watasubiri.”

“Waambie watasubiri mpaka waote mvi puani.”

Jioni ile ile alikwenda kwa daktari wa mifugo kumwuliza kinyonga huuawa na nini, ili ajue la kukwepa. Daktari alimweleza kwamba wengi hufa mikononi mwa watu wanaowapenda. Hupewa wadudu waliokwisha kufa, huwekewa maji kwenye kisahani wasichokitambua, na hushikwashikwa kutwa nzima.

Mshonaji hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nyenje na panzi aliwanenepesha kwanza kwa majani ya mboga na karoti, akawanyunyizia unga wa maganda ya mayai ili kinyonga apate mifupa imara, ndipo akawaachia tunduni wakiwa hai. Asubuhi alipulizia majani maji kwa chupa yake ya kupigia pasi, na kinyonga akayalamba tone kwa tone. Tundu lenyewe alilishona kwa wavu, hewa ipite. Jua la asubuhi alimpa, la mchana akamkinga.

“Wifi, hawa nyenje wanakula mboga kabla yetu,” alilalamika wifi yake, aliyehamia pale baada ya msiba.

“Wananenepa ili ndugu yako asife mara ya pili.”

“Basi na mimi ningezaliwa nyenje, angalau ningeonja karoti.”

Hata hivyo wifi ndiye aliyekuwa akikimbiza panzi nyasini, gauni amelikunja magotini, bila kujali nani anatazama.

Kiwanda kilipoona kinyonga ananawiri, kilileta zawadi: sanduku la kioo, zuri, lenye kifuniko cha kubana na taa kali ya kumpa joto. Dereva alisema wakubwa wameguswa na mapenzi yake kwa wanyama.

Mshonaji alilizunguka mara moja.

“Hewa inaingilia wapi?”

Dereva akapapasa ukingo wa kifuniko, asipate nafasi hata ya sindano.

“Lirudishe. Mwambie mkubwa wako alale humo yeye kwanza. Akiamka salama, tutazungumza.”

Mwisho wa mvua kinyonga alikataa kula. Akashuka kutoka matawini, akawa anatambaa sakafuni mwa tundu na kukwaruza pembeni. Wifi alianza kulia. Daktari wa mifugo alikuja, akamtazama ubavu uliovimba, akasema huyu ni jike na ana mayai. Akikosa mahali pa kuyazika yatamuua. Mshonaji akajaza ndoo mchanga wenye unyevu, akaiweka tunduni, akaifunika kwa khanga ili mama apate faragha.

“Kaka yangu ana mayai,” alisema wifi, akijifuta machozi.

“Aachwe apumue,” alijibu mshonaji.

Miezi mingi baadaye mchanga ulitikisika, wakatoka vinyonga wadogo kama vipande vya njiti. Kila mmoja alikuwa na ovaroli yake. Mmoja alikosa kifungo shingoni. Mama mzazi wa mpakiaji mifuko aliyekufa kwa kikohozi hicho hicho alikuja, akamtambua, akamchukua. Mwingine alikuwa na doa la grisi begani, naye akafuatwa na mjane wa fundi umeme. Mshonaji alimfundisha kila mmoja wao: walishe vijinzi wanaokuja kwenye ndizi zilizoiva mno, panzi bado wakubwa kwa vinywa vyao. Hakuna aliyeondoka bila kuelewa.

Msimamizi alirudi kuleta jibu la wakubwa. Walikuwa wamesema vinyonga wengi si ushahidi zaidi ya kinyonga mmoja, na kwamba watasubiri na hawa pia.

“Vinyonga watakuja kwa zamu,” alisema mshonaji. “Nasi tutalisha kwa zamu.”

Tunduni alikuwa amebaki mdogo mmoja ambaye hakufuatwa na mtu. Hakuwa na ovaroli. Alikuwa na shati jeupe la mikono mifupi, kalamu mfukoni, na filimbi ya msimamizi shingoni. Msimamizi aliinama, akamwangalia, mkono kwenye filimbi yake mwenyewe. Akajikohoza, akajifuta mdomo kwa leso, akaikunja leso bila kuitazama.

“Huyu naye anakula nini?” aliuliza.

Mshonaji alimweleza taratibu, kama alivyowaeleza wengine. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Kisha king’ora cha kiwanda kikalia, akaenda kuingiza watu kazini.