Saa za Bega

Kitongoji kizima cha Luhangazi kilikuwa kimempa Modesta kazi moja tu: ampandishe mlimani Bwana Yunusi, afisa mipango kutoka mjini, kabla mwendo haujatimia saa tatu. Waraka ulikuwa umesomwa mara mbili mbele ya kanisa. Kitongoji kilicho zaidi ya saa tatu za mguu kutoka barabara ya gari ni cha mbali, na watu wa mbali watahamishiwa kijiji kipya huko tambarare, njia ya Kisaki, kwenye joto na mbung'o. Wa karibu watabaki na migomba yao na makaburi ya mama zao.

Kaka yake Kasiani, balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyempendekeza. Alisema Luhangazi nzima hakuna, mwanamke wala mwanamume, anayeuweza mlima ule na tenga la ndizi kichwani kama Modesta. Basi aliteremka tangu jana, akalala kwa watu karibu na misheni, na asubuhi akampokea mgeni pale Landrova ilipomshusha.

"Shikamoo, mama," Yunusi alisema huku akitazama saa yake ya mkononi. "Tunaanza sasa. Saa moja kamili."

"Marahaba, mwanangu. Twende, jua lisije likatukuta kwenye mwinuko wa Mvunjagoti."

Alimpitisha njia ya mkato, ile ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili. Yunusi alipoomba maji, alipewa huku wanatembea. Alipotaka kusimama kutazama bonde, aliambiwa huko juu linaonekana vizuri zaidi. Kijana wa watu alihema, viatu vyake vya mjini vikateleza, lakini hakulalamika hata mara moja, na Modesta akaanza kumpenda kidogo, jambo ambalo hakulitaka kabisa. Adui mwenye adabu ni kazi nzito.

Walipofika kijito cha pili, pale njia ya mkato inapokutana na njia pana, aliuliza wametembea muda gani.

"Saa moja na dakika arobaini, mama."

Moyo ulimruka kwa furaha. Kilichobaki hakikuzidi saa moja. Tumeshinda, alijiambia, na papo hapo akasikia mguno kwenye migomba, chini kidogo ya njia.

Yunusi alisimama. "Nini hicho?"

"Ngedere," Modesta alisema. "Wamejaa huku."

Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Mguno ukaja tena, na safari hii aliitambua sauti, maana aliijua tangu ilipokuwa kilio cha kichanga mgongoni mwake. Alikuwa Regina, binti yake, aliyemwacha jana na mimba yake pevu, akipepeta maharage. Hatua ya nne ilimshinda. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka: amemwita mwanawe ngedere.

Akavamia migomba.

Regina alikuwa amelala kwenye machela, blanketi lililofungwa kwenye miti miwili. Wanaume wanne walikuwa wamechuchumaa kandokando. Kasiani alikuwa amemziba binti mdomo kwa kanga.

"Uchungu umemshika usiku, mtoto kakaa vibaya, mkunga kashindwa," Kasiani alinong'ona. "Tumetoka saa kumi na moja alfajiri. Tukasikia mnakuja. Mpitishe mgeni kwanza, dada. Akiiona machela atajua tuko mbali, tumekwisha."

"Umemziba mdomo mwanangu, Kasiani?"

"Kwa ajili ya ukoo mzima! Na mwenyewe amekubali."

Regina alitikisa kichwa kwamba ndiyo, machozi yakimtiririka hadi masikioni. Hilo lilimuuma Modesta kuliko kanga yenyewe.

"Bwana Yunusi!" alipaza sauti. "Njoo huku. Kwetu anayekutana na machela hapiti. Anatua mzigo wake na kutoa bega."

Kasiani alifumba macho.

Yunusi alimtazama Regina, kisha akaitazama saa yake. Alimkabidhi Kasiani mkoba wake wenye fomu, akampokea mti wa machela yule mbebaji aliyechoka zaidi, na safari ikageuka kurudi chini.

Machela haipiti njia ya mkato. Walizunguka kwa njia pana, kona baada ya kona, wakisimama kila Regina alipopiga kelele. Modesta alitembea ubavuni, amemshika mkono. Alisali Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza upya. Nyuma yao Kasiani alikuja na ule mkoba, hakutazamana na mtu.

Walifika barabarani saa saba mchana. Landrova iliwapeleka hospitali mjini, na jioni muuguzi akatoka. Regina alikuwa amepona. Mtoto hakuwa amepona. Alikuwa wa kiume.

Modesta alikaa kwenye benchi la ukumbini. Yunusi alikaa kando yake, bega la shati lake limechanika. Alichukua mkoba kwa Kasiani, akatoa fomu na kalamu.

"Mama, mimi sikufika juu," alisema. "Kwa mguu tungefika kwa saa mbili na nusu, nina hakika. Naweza kuandika hivyo. Kwa bega, tangu alfajiri walipotoka hadi saa saba, ni saa nane. Hapa pana nafasi ya jibu moja, na mwenye kujua mlima ule ni wewe."

"Mguu, dada," Kasiani alisema upesi. "Waraka umesema mguu. Mwambie aandike mguu, tubaki kwetu."

Modesta aliiona nyumba yake, migomba, kaburi la mama yake chini ya mti wa maua ya manjano. Aliyataka yote hayo, aliyataka mno. Kisha akaiona ile kanga.

"Andika la bega," alisema.

Kalamu ikaandika. Kasiani alishika kichwa kwa mikono miwili. "Umetuhamisha, Modesta. Makaburi ya mama zetu nani atayafyekea?"

"Kesho tunalo jingine la kuchimba kule juu," Modesta alimjibu. "Wewe ndiye babu yake. Utambeba."