Mita ya Ndelilio

Jumatatu asubuhi, mwalimu mstaafu Aikande alishuka kutoka Old Moshi hadi kwenye kibanda cha Dominika, fundi redio wa Majengo, akiwa na mita ya mshale iliyofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Nataka inionyeshe umeme wetu umeishia wapi."

Mumewe, Ndelilio, alikuwa fundi umeme. Nguzo zilipofika kijijini, miaka tisa iliyopita, alitandaza nyaya nyumba nzima kwa mikono yake, akakaa sebuleni kusubiri. Alisubiri miaka sita, akafa.

Dominika alifungua skrubu nne za nyuma. Betri ilikuwa imevuja na kuacha unga wa kijani. Aliusugua kwa mswaki na siki, akabadilisha waya mmoja uliooza, akafuta swichi kwa spiriti, kisha akapuliza vumbi taratibu asije akapinda springi, ambayo ni nyembamba kama unywele. Mshale ukaamka, ukaelekea mlimani. Akaigeuza mita, mshale nao ukageuka, ukaelekea mlimani tena.

"Imepona," alisema. "Twende nayo."

Soketi za Aikande zilisoma sifuri. Nguzo ya mbele ya nyumba, sifuri. Kwenye migomba mshale ulipanda hadi volti tano. Kwenye ua wa Mwenyekiti Yoramu, hamsini. Bandani kwake, kati ya pembe na mkia wa ng'ombe, ulisimama kwenye mia mbili na thelathini.

Dominika aliandika namba hiyo kwenye kiganja.

"Mkia msiushike sana," Yoramu alisema. "Anakamuliwa sasa hivi."

"Mwenyekiti, huu ni umeme wa kijiji," Aikande alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Kikao kiliamua uhifadhiwe mahali salama kwa muda, mpaka orodha ya majina ikamilike."

"Mume wangu alikuwa wa ngapi?"

Yoramu alifikiri. "Wa kwanza. Lakini orodha ilianzia mwisho."

Aikande alimpapasa ng'ombe shingoni, maana yeye hakuwa na kosa, kisha akaenda nyumbani kuandika barua. Aliziandikia ngazi zote. Ngazi zote zilimjibu kwamba suala lake limerudishwa kwa Mwenyekiti.

Siku hizi zamu ya Aikande bandani ni Jumanne na Ijumaa jioni. Huja na mzigo wa majani kichwani, kama wenzake wote, akatundika balbu kwenye pembe ya kushoto, akakaa kwenye kigoda na kusoma Biblia. Mwanga ni mzuri. Hucheza kidogo tu ng'ombe anapocheua.

Sasa ng'ombe ana mimba. Kikao kimeshaamua kwamba ndama atakwenda kwa mdogo wake Yoramu, kwa kuwa kule nako kuna giza.