Kombe la Badriya

Enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, watu wa Mtaa wa Mkunguni walisema Hamud bin Saif alimnyima mwanawe dawa ya hospitali. Uongo mtupu, lakini nani atawafunga watu midomo? Badriya alipoanza kuhara damu, Hamud alifunga duka lake la ubani na zafarani, akambeba begani kutoka Kariakoo mpaka hospitali ya serikali, jua la mchana likimchoma kisogo.

Aliyewapokea ni Eliakimu, Mchaga wa Machame, Mlutheri, mpimaji wa magonjwa kwa hadubini. Alimwonyesha Hamud mdudu aliyekuwa akimla mtoto tumboni. Hamud alifumba jicho moja, akaangalia mpaka machozi yakamtoka.

"Subhanallah," alisema. "Na huyu naye kaumbwa."

"Kaumbwa. Ndiyo maana huwa nasali kabla sijakaa hapa. Sasa sikiliza, Bwana Hamud. Mtoto atachomwa sindano. Mkirudi nyumbani, maji ya kunywa yachemsheni."

Sindano zilimsaidia. Badriya alirudi mifupa mitupu, lakini anacheka. Mama yake, Mauza, alichemsha maji ya mtungini kila siku bila kukosa. Hamud naye kila asubuhi alimwandikia mwanawe kombe: aya za Mwenyezi Mungu kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha akaziosha kwa maji, mtoto akayanywa. Maji hayo aliyateka mwenyewe kisimani uani, baada ya kutawadha. Hakuyachemsha, wala haikumpitia akilini. Kwake maji ya kunywa yalikuwa yale ya mtungini. Haya yalikuwa dawa, na marehemu baba yake aliandika vivyo hivyo.

Haukupita muda, damu ikarudi. Safari hii sindano hazikufua dafu. Badriya alizikwa Ijumaa baada ya sala, na Hamud aliporudi kutoka makaburini hakujua mikono yake aiweke wapi.

Eliakimu alikuja matangani. Alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani, akauliza taratibu mtoto alikuwa akinywa nini. Hamud alimweleza yote. Alipofika kwenye kombe na kisima, mgeni wake aliinamisha kichwa.

"Sema, Bwana Eliakimu. Usinifiche."

"Ni yale maji. Kisima chenu kiko karibu mno na choo."

"Basi nimemuua kwa maneno ya Mungu."

"La. Maneno hayakuwa na mdudu. Na mimi nina sehemu yangu. Nilisema maji ya kunywa, sikuuliza habari za kombe. Kwetu hatuna."

Hamud alilia, mwanamume mzima, ndevu zikalowa. "Hiyo hadubini yako inasema kwa nini yeye?"

"Haisemi," Eliakimu alijibu. "Binti yangu Agnesi alikufa kwa surua. Mpaka leo namuuliza Mungu, na bado kila asubuhi narudi kwenye hadubini. Sijui njia nyingine."

Baada ya matanga Hamud aliifunga ile sahani kwenye kitambaa, akaitia kabatini. Waliokuja kuomba kombe aliwarudisha, na usiku aliona haya hata kufungua msahafu.

Ndipo jirani yake, Bi Fakhriya, akaja na mjukuu mgongoni, mtoto kalegea.

"Kachomwa sindano leo hospitali," alisema. "Sasa niandikie kombe."

"Mikono yangu si ya kuandika tena, Bi Fakhriya."

"Sindano nimeipata. Nataka na dua. Nani mwingine ataniandikia?"

Hamud alimtazama mkewe. Mauza aliteka maji, akayatia sufuriani, akaibandika jikoni kwenye makaa. Hamud akaitoa sahani, akachovya kalamu. Zafarani ilimdondokea kwenye kanzu.

Hajamaliza kuandika, maji yakachemka.

Mauza alisimama, mvuke ukimpanda usoni, akiyatazama yanavyotokota.

"Muda wenyewe ndio huu?" aliuliza. "Huu tu ndio ungemponya Badriya, Hamud?"

Hamud aliyaacha maji yapoe, akaiosha sahani, aya zikayeyuka, akampa Bi Fakhriya kikombe. Mtoto alikunywa yote, akalamba midomo. Mauza alikuwa bado kasimama pale jikoni, makaa yanazimika, analia.