Kalsiamu Haishuki Ngazi

Jana baada ya chakula cha mchana nilijinyoosha mkekani katikati ya shamba langu la karanga, na usingizi ukanipitia na ndoto yake.

Nililala na dukuduku. Misimu miwili mfululizo karanga zangu zimetoka mapepe: ganda limenona, ndani hewa. Mbegu ni ya marehemu mama yangu, haipatikani dukani, na debe la mwisho ndilo lililo ardhini. Zikitoka tupu tena, nitakuwa nimemzika mama mara ya pili.

Bwana shamba alinipa jasi, unga mweupe wenye kalsiamu, akasema niunyunyizie juu ya udongo maua yakianza kutoka. Nikamwona hana adabu ya chakula. Kwetu chakula hakiachwi mlangoni kuku wakakidonoa, huingizwa ndani. Kwa hiyo siku ya kupanda nikafukia nusu kiroba chini kabisa ya mashimo, kama tunavyofanya na samadi ya mahindi.

Sasa nimo ndani ya shina la karanga, nimebeba bakuli la jasi. Humu ni ngazi tupu, na maji yanapanda huku yanaguna.

"Tembea, mama," yananiambia. "Hapa ni kupanda tu."

Napanda nayo mpaka juu. Majani yako karamuni, midomo myeupe, yameshiba mpaka yamelegeza mikanda. Kutoka udongoni nasikia watoto wanalia.

"Nani hao?"

"Karanga," linasema jani moja nene. "Wana njaa."

"Mbona hamuwapelekei?"

"Kalsiamu haishuki. Ikishapanda, imepanda. Karibu ukae."

Sikukaa. Pembeni ua la njano lilikuwa linafunga mizigo. "Nashuka udongoni kwenda kujifungua," likasema. "Njoo mgongoni."

"Nimeambiwa hakuna kushuka."

"Kalsiamu ndiyo haishuki. Mimi ni mjamzito."

Kwenye mlango wa udongo siafu mwenye kofia akatupekua, akaninyang'anya bakuli, akaandika mahali. Nikaingia mikono mitupu. Karanga wadogo wamejipanga gizani, matumbo yamewabonyea.

"Shikamoo. Umetuletea nini?"

"Marahaba. Salamu."

"Salamu hazijazi ganda."

Niliona aibu mpaka kwenye visigino. "Kwani mama yenu hawalishi?"

"Mama hutuletea sukari. Kalsiamu tunailamba wenyewe, kwenye udongo huu tunaolalia. Wewe uliiweka kwenye mizizi, mizizi ikaipandisha, na wale wa juu umewaona."

Nimewaona. Namkumbuka bwana shamba na maneno ya kumsengenya niliyoyasema kisimani, natamani kuyameza.

"Wanangu," nasema, "kwa hiyo hamjala kabisa?"

Kabla hawajajibu nikafumbua macho. Mume wangu, Misigalo, alikuwa amesimama karibu na mkeka, jembe begani, uso mkavu kama wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Mama Kalunde, ulikuwa unaota."

"Nimesema nini?"

"Umesema, 'Wanangu, kwa hiyo hamjala kabisa?'" Akautazama mkeka kwa muda. "Halafu huko chini yako wakaitika. Wamesema bado, lakini watasubiri."

Nikainuka, nikaenda nyumbani kuchukua jasi iliyobaki, na jua halijapoa nikaanza kuwapakulia juu ya udongo.