Tangi Alilolijaza Kaka

Mimi ndiye niliyeyaharibu mafuta ya mwisho ya kaka yangu, tena kwa upendo. Naandika mwenyewe kwa sababu mtaani habari hii imeshazunguka mara tatu, na kila ikirudi imeota mkia mwingine.

Kaka alikuwa dereva wa gari la mikate, na nyumbani alikuwa na kigari chake kidogo cha kijivu. Kaka tulimwita Matone, kwa kubania kila tone la mafuta. Kila Jumamosi asubuhi, matairi yakiwa bado ya baridi, alipima upepo. Ea klina, lile chujio la hewa ya injini, aliitoa akaigongagonga ukutani kama anayekung'uta kiatu. Keria ya juu aliing'oa kitambo, akasema inapigana na upepo bure, na kwenye buti hukuti hata mwavuli. Barabarani, akiona taa nyekundu kwa mbali, aliondoa mguu mapema, gari likajikokota lenyewe mpaka taa igeuke kijani. Baiskeli zilitupita. Wifi yangu, mkewe, alijificha uso kwa mkoba.

"Mume wangu, tushuke tusukume?"

"Kanyaga kama kuna yai chini ya mguu," kaka alimjibu. "Gari halina haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Kitu ambacho hakukivumilia kabisa ni gari kuwaka huku limesimama. Dakika moja, basi. Siku moja wifi aliwasha, akakumbuka hajaniaga, akarudi sebuleni. Na kuagana na mimi si jambo la dakika moja. Kaka akatoka bafuni na taulo kiunoni, povu la sabuni nusu ya ndevu, akapita katikati ya wageni, akazima gari, akarudi kumalizia kunyoa. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Tangi hakuwahi kulijaza. Alisema mafuta nayo ni mzigo, ya nini kuyabeba yote kwa pamoja. Mara moja tu, Jumatano ile, alijaza pomoni, maana Jumamosi alikuwa ampeleke wifi kwa mama yake, safari waliyoiahirisha miaka mitatu. Alhamisi akaanguka kazini, mikononi ana kreti ya mikate. Hakuinuka.

Habari ya tangi niliijua nimeshachelewa.

Baada ya mazishi nilihamia pale. Napenda nyumba yenye watu, na niliona wifi asiachwe peke yake hata kidogo; nikawa nawaita hata waliokuwa wanapita tu. Wifi akashika usukani. Jumamosi alipima upepo. Ea klina aliigonga kwenye ukuta ule ule. Sokoni, dukani na kwa fundi cherehani alikwenda kwa mzunguko mmoja, mara moja kwa wiki, na zahanati anakofanya kazi alikwenda kwa miguu, viatu mkononi siku za matope.

Jirani yetu tunamwita Mama Redio, kwa vile hazimwi. Akaninong'oneza, "Wifi yako hana kitu. Mshale wa mafuta uko robo, nimechungulia. Anaona haya kuomba."

Nikaamini. Kusema kweli, maneno hayo niliyaanza mimi. Yeye aliongeza chumvi.

Basi nikamwomba wifi ufunguo, nikidai nampelekea fundi mashine yangu ya saluni ya kukaushia nywele. Alisita. Akautoa mfukoni mwa gauni, una joto.

"Taratibu, wifi. Yai."

"Najua, yai."

Nikaenda moja kwa moja kituo cha mafuta. Nikasema wajaze mpaka pampu ikatae. Nikarudi nikipiga honi kama nimebeba bibi harusi, na watu wote wa nyumbani wakatoka kutazama. Wifi akaingia kwenye kiti cha dereva, akautazama mshale. Ulikuwa juu kabisa.

"Umeweka mafuta?"

"Nimejaza. Sitaki kukuona tena na viatu mkononi."

"Juu ya yale?"

Nikacheka. "Kwani lina matangi mangapi?"

Hakucheka. Akaweka mkono juu ya kioo cha mshale, kama muuguzi anayepima homa. Ndipo akaniambia ya Jumatano.

"Nilikuwa nayapima," akasema. "Ile robo ingenifikisha kwa mama. Kwenda tu. Angekuwa amenipeleka, kama alivyosema. Nilikuwa nangoja nyumba ipungue watu."

Nikasema tuyanyonye kwa mpira, tumwite fundi, tuyatoe.

"Utayajuaje yake?"

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala usingizi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Hakupima upepo. Alitoka, akaingia garini, akawasha, akakaa. Gari halikwenda mbele wala nyuma. Sisi ndani tulikuwa tunakunywa chai. Dakika moja ikapita, ikawa tano, ikawa kumi. Muungurumo ule ukaingia hadi kwenye vikombe. Mama Redio akafungua mdomo, akaufunga.

Nikatoka. Nikainama dirishani, nikapeleka mkono kwenye ufunguo. Akaushika mkono wangu.

"Usizime."

"Unachoma mafuta bure, wifi." Nilisikia sauti ya kaka kinywani mwangu, nikatamani niimeze.

"Ngoja kidogo," akasema. Hakunitazama, alikuwa anatazama mlango wa nyumba. "Huwa hapitishi dakika moja."

Nikageuka. Mlangoni walikuwa wamejazana: shangazi na khanga yake begani, wajomba wawili, wapangaji wa uani, Mama Redio na kikombe chake. Wote niliwaita mimi.

Nikawafanyia ishara wasogee. Hawakuelewa, lakini wakasogea, huyu huku, yule kule, mpaka njia ikawa wazi. Kutoka garini ulikuwa unaona korido yote hadi mwisho, na mlango wa bafuni umefungwa.

Nikazunguka, nikaketi kiti cha abiria. Gari likaendelea kuwaka.